Tawi la Mkomamanga wa Mama

Jumatatu, 3 Juni
Nimefika nyumbani kwa marehemu mama. Mlango ni ule ule, haufunguki mpaka uupige bega. Nikaupiga. Ndani harufu ile ile ya sabuni ya mche na nguo zilizopigwa pasi. Nikakaa sakafuni, mtu mzima mwenye mvi, nikashindwa kuinuka.

Nyumba imeuzwa. Mwoka mikate aliyeinunua ni mtu mwema, lakini anataka kujenga tanuri uani, na uani ndipo ulipo mkomamanga wa mama. Utakatwa Jumamosi. Alinieleza kwa upole, akanipa na mkate. Nimeula kwa hasira.

Nimeapa. Tawi moja la mti ule litavuka mpaka na mimi, nilipande nyuma ya kibanda changu cha kushonea. Sitaki kabati, sitaki kitanda. Nataka tawi.

Dada yangu, mwalimu mkuu, ambaye tunaishi naye mji mmoja huko ng'ambo ya mpaka, naye analitaka. Lakini yeye anafuata sheria! Ati mmea hauvuki bila kibali cha kule unakokwenda na cheti cha huku unakotoka, kuthibitisha kwamba hauna wadudu wala ugonjwa. Kibali alikiomba tangu mwezi jana. Nimecheka hadi nikapaliwa. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Zake zimesukwa na serikali.

Jumanne, 4 Juni
Mpango wa kwanza. Mimi ni fundi cherehani wa miaka ishirini na sita. Nishindwe kuficha kijiti? Nimekata tawi la urefu wa shubiri, nikalizungushia kitambaa kibichi, nikalishona ndani ya bega la koti. Nikajitazama kwenye kioo cha mama. Bega moja juu, moja chini. Si kitu, matajiri wengi husimama hivyo.

Dada akanikuta na picha za zamani mkononi, akanionea huruma, akanikumbatia. Akaruka! Akauliza ni nini kinachochoma begani. Nikamjibu ni uchungu wa kufiwa. Akasema uchungu haulowanishi koti.

Jumatano, 5 Juni
Dada ameshinda ofisi ya mimea. Karudi miguu imevimba. Ati mkaguzi amevichunguza vijiti vyake kwa kioo cha kukuzia, kila kijicho cha kuchipua, halafu akamwambia arudi Ijumaa. Nimemcheka tena, ila nikamletea beseni la maji ya moto na chumvi.

Tukakaa uani chini ya mti, tukakumbuka. Makomamanga yakianza kuiva mama alikuwa akiyafunga nyuzi. Nyeupe za dada, nyekundu zangu. Nami nilikuwa ninanyata alfajiri na kuzibadilisha ili kubwa kuliko yote liwe langu. Miaka sita sikukamatwa! Leo dada ananiambia mama alijua tangu siku ya kwanza. Lile kubwa alikuwa akilifunga uzi mweupe makusudi, kisha anasimama dirishani kunitazama nikinyata, akicheka peke yake. Dada alikuwa akipewa lake jikoni.

Kumbe! Nilitamani mama arudi dakika moja tu, anichape.

Alhamisi, 6 Juni
Mpango wa pili. Huu hauna dosari! Sebuleni pana mawaridi ya plastiki ambayo mama alikuwa akiyaosha kila wiki. Nimechomeka tawi katikati yake, nikalifunga utepe wa kijani. Kumbukumbu ya marehemu. Nani atakuwa na moyo wa kuipekua?

Dada amenisihi nisubiri, tusafiri pamoja Jumapili na cheti chake. Nimemjibu ngoja ngoja huumiza matumbo. Akasema yangu yataumia zaidi.

Ijumaa, 7 Juni
Mpakani. Fomu inauliza kama nimebeba mmea, tunda au mbegu. Nikaandika Hapana, kwa mwandiko mzuri.

Foleni haisogei. Jua kali, bati juu. Saa nzima. Nikachungulia maua yangu, nikaona gome la tawi limeanza kukunjamana. Moyo ukaniuma. Nikamwona mama na kopo lake la maji, jioni, ameshika kiuno. Sikufikiri tena. Nikafungua chupa yangu ya maji, nikamwagia.

Kuinua macho, mkaguzi wa mimea huyu hapa, mama mmoja mwenye miwani. Akaniuliza, kwa adabu kabisa, maua ya plastiki hunyweshwa mara ngapi kwa siku. Nikajibu mara mbili. Foleni nzima ikaangua kicheko. Loh, nimeumbuka!

Akasema ningelitaja tawi langu, angelihifadhi hadi karatasi zake zije. Kwa kuwa nimelificha, litachomwa, na jina langu linaingia kitabuni. Mdudu mmoja ndani ya kijiti kama hicho, ati, ndiye aliyemaliza michungwa yote ya baba yake. Aliyasema bila kunikaripia, na hapo ndipo nilipoona aibu. Nikamwomba nilishike kidogo kabla hajalitia mfukoni. Akaniacha nilishike.

Jumamosi, 8 Juni
Leo ndiyo siku ya mti kukatwa. Niko kibandani kwangu, nimeshona mikono ya koti la mteja kinyume. Saa nne dada akapiga simu. Hakusema neno, aliielekeza simu uani nisikie. Shoka. Sikutaka kusikia na sikutaka kukata simu. Kisha kishindo, halafu nikamsikia dada akipenga kamasi.

Nimelia mbele ya mteja. Masikini akanibembeleza, akasema koti si baya kiasi hicho.

Jumapili, 9 Juni
Dada amefika. Ana cheti chenye mhuri na matawi mawili. Mawili! Ndivyo alivyoomba tangu mwezi jana, moja lake, moja langu. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema alijaribu Jumatatu, ila nilikuwa nimepaliwa na kicheko.

Tawi langu tumelipanda pamoja nyuma ya kibanda. Nimeapa mbele yake kwamba mimi na mambo ya kuvusha vitu kwa siri basi, tumeachana. Nimeapa kwa dhati, na machozi yakanitoka.

Lakini jioni, alipoondoka, nimelitazama vizuri. Limesimama kinyonge, mfano wa mgeni asiyepewa kiti. Ni udongo tu! Wa huku ni mweupe, mchanga mtupu. Wa uani kwa mama ni mwekundu, unanata viatuni hadi tukawa tunafukuzwa jikoni. Dada anasema udongo ndio marufuku kuliko vyote, hauna hata fomu ya kuombea. Basi hana haja ya kujua. Mshona viatu, jirani yangu hapa, anakwenda kule Alhamisi, na mwoka mikate lazima sasa anachimba msingi wa tanuri, udongo umejaa mlangoni. Nimemkabidhi chupa yangu kubwa ya chai, aijaze. Mpakani akiulizwa, aseme ni chai. Akiambiwa amimine, aseme bado ina moto.