Dakika Moja ya Darasa la Kwanza

Jongeeni, enyi watu wa Busunzu na Kumsenga! Wekeni majembe chini, yaacheni maharage yachemke polepole, mpate kusikia habari za Faudhia binti Twalibu, mzaliwa wa Pangani, aliyeletwa na serikali kufundisha darasa la kwanza juu ya milima hii yenye baridi, na jinsi alivyopigana na dakika moja akaishinda. Anayetaka kucheka acheke sasa, maana mbele hapana nafasi.

Ilikuwa mwaka elfu mbili na kumi na tatu, katika kuadhimisha siku aliyofariki Baba wa Taifa, na shule nzima ilitakiwa isimame kimya dakika moja kwa heshima yake. Mwaka uliotangulia, darasa la kwanza la wakati huo liliuvuruga ukimya wote: wakapiga chafya, wakafinyana, na mmoja akauliza kwa sauti kama marehemu ameshaamka. Kwa hiyo Mwalimu Mkuu Nestori, bwana wa kengele na mlinzi wa funguo, akatoa amri kwamba safari hii wadogo watabaki darasani.

Wadogo wakalia. Elieth, ambaye ulimi wake haujapumzika tangu ajue kusema, alilia kuliko wote, kwa kuwa alikwisha kumwambia bibi yake kwamba anakwenda kumheshimu Baba wa Taifa. Faudhia roho ikamuuma hasa. Akaingia ofisini akanena:

"Mkuu wangu, hawa walizaliwa yeye akiwa kaburini. Tukiwaficha leo, tutawaambia lini kwamba alikuwa baba yao pia? Wakiharibu, darasa la kwanza lisihudhurie sherehe yoyote tena, na mimi nibaki nalo ndani."

Nestori akakubali, kwa uso wa mtu aliyekwisha kushinda.

Ndipo yakaanza mazoezi ya kivita. Faudhia aliwapa kila mmoja funda la maji mdomoni, akawaamuru wasilimeze wala wasiliteme mpaka ainue mkono. Akawauliza kama wameelewa, wakajibu ndiyo kwa Kiha, "Ego," na maji yote yakamwagika vifuani. Hata hivyo hakukata tamaa, na kila siku waliolowana walipungua.

Siku ikafika. Majeshi yakajipanga kuizunguka bendera, darasa la saba nyuma kwa urefu wao, la kwanza mbele, mashavu yamevimba. Mkuu akatangaza ukimya, na papo hapo Elieth akameza silaha yake. Akabaki mtupu, macho yamemtoka, akaiziba midomo kwa mikono miwili. Faudhia akaliona hilo, akamwomba Mungu. Jogoo wa jirani akawika, hakuna aliyecheka. Nzi akatua puani mwa Obedi, mmoja wa wadogo hao, naye akavumilia.

Kisha pikipiki ikanguruma, akaingia Mratibu wa Elimu Kata, amechelewa, kofia ngumu ingali kichwani. Mnaozijua shule zetu mnaijua hatari hiyo: mgeni akiingia, mtoto mwenye adabu humwamkia kwa sauti ya kufika barabarani, ndivyo tulivyowafunza. Mabega ya Elieth yakatetemeka.

Na salamu ikapasuka kweli:

"Shikamoo, Mheshimiwa Mratibu!"

Ilitoka kwa Mwalimu Mkuu Nestori.

Darasa la saba wakaipokea, la sita wakafuata, uwanja ukavuma. Darasa la kwanza halikutikisika. Walisimama mashavu yamejaa, macho kwa Faudhia, na Elieth mikono mdomoni, machozi yakimtoka kwa jitihada. Mratibu akawatazama, akavua kofia, akasimama kimya pamoja nao bila kuitikia. Aibu ikawashika wakubwa mmoja mmoja, wakanyamaza. Faudhia alipoinua mkono, alikuwa analia waziwazi.

Nestori akakohoa, kisha akasema, na kwa neno hili mimi namsamehe yote:

"Tutaanza upya. Darasa la kwanza watuongoze. Mwalimu Faudhia, wape maji mengine."

Elieth akaishusha mikono yake. "Mimi sihitaji, mwalimu."

Basi na iandikwe katika tarehe za nchi hii ya milima, baada ya watawala wa kale wa Buha na kabla ya barabara ya lami, kwamba Elieth wa Busunzu alinyamaza dakika nzima, mara mbili, bila maji.