Tovuti Isilale

Jumatatu, 3 Novemba 2025
Uliyefungua shajara hii, nakusihi kwa Mola wako: ifunge. Ukishindwa, basi usimwambie mtu hata neno moja. Hasa Wanjiru.

Mzee Yeslam, tajiri wangu, anakodisha mahema ya arusi hapa Kisauni. Leo ametangaza kwamba Ijumaa atabakiza karani mmoja. Tuko wawili, mimi na Wanjiru. Yeye hupokea oda kwa simu, mahamri mdomoni, na hakosei. Hofu ilinishika. Nikajisikia namwambia tajiri kwamba nimeunda tovuti ya kupokea oda. Sijaunda chochote!

Jumanne, 4 Novemba
Tovuti ipo. Nimeipandisha kwenye seva za kukodi mtandaoni. Tajiri alikuwa radhi kulipia. Nikachagua mpango wa bure, nionekane mwekevu. Mwekevu! Isipotembelewa kwa muda mfupi inalala, na kuamka kwake ni taabu. Tajiri aliifungua, akangoja, akaniuliza kama imekwenda kuswali. Wanjiru alicheka kwa mabega.

Jumatano, 5 Novemba
Nimepata hila. Shangazi Salme wa Frere Town hushinda barazani na simu mkononi. Nimemwomba awe anaingia kwenye tovuti mara kwa mara, isilale. Akaniombea dua. Mchana kutwa tovuti i macho!

Wanjiru alinishauri kila oda ithibitishwe kwa simu. Nikamjibu kwamba hayo ni mambo ya kizamani. Fomu yangu inauliza siku, mahali pa kupeleka na idadi ya mahema, basi. Mteja asichoshwe.

Alhamisi, 6 Novemba
Oda zimemiminika! Zote za Jumamosi, zote Frere Town. Kabla ya adhuhuri ghala zima limeshikwa. Watu wa arusi kubwa ya Nyali walipiga simu, Wanjiru akalazimika kuwakatalia. Nilijitahidi kusikitika. Tajiri akanishika bega mbele ya wapakizi, akasema kazi ni yangu. Kuhusu Frere Town nilimweleza kwamba ni msimu.

Ijumaa, 7 Novemba
Dereva Changawa alipiga simu kutoka Frere Town. Oda zote zimempeleka nyumba moja. Hakuna bwana arusi. Kuna bibi mmoja anayewagawia wapakizi sharubati. Tajiri akaiweka simu sauti ya juu, na sote tukamsikia shangazi:

“Mwanangu kanambia niingie dukani kwake. Nikaingia. Sasa kila nikiingia nitoke mikono mitupu? Nimelelewa wapi mimi?”

Tajiri alinifukuza kwa upole, kwa Kiswahili kizuri sana. Bora angenitukana. Wanjiru alinifungia mahamri mawili ya njiani. Nimeyala, lakini kwa chuki.

Jumamosi, 8 Novemba
Nimetafakari. Mpango wa bure hauna kosa lolote. Kosa ni kumtegemea shangazi mmoja. Sasa ninao watatu, wanapokezana.

Nimeunda tovuti mpya, ya kujitafutia kazi, na matajiri wa Likoni na Changamwe nimewatumia anwani yake. Safari hii nimekuwa mwangalifu: nimeondoa kila kitufe, mashangazi wasije wakabonyeza. Namba ya simu pia nimeiondoa, maana wangepiga kunisalimu. Jina nimelificha, Wanjiru asinicheke.

Kwa hiyo, unayetaka kuniajiri, fanya hivi: ingia kwenye tovuti, soma sifa zangu mpaka mwisho, kisha utulie hapo hapo. Nitajua.