Lenzi Ndefu za Mawifi Wawili

Profesa hakuwahi kufundisha hata kuku kulala, lakini macho alikuwa nayo. Alikuwa ukingoni mwa uwanja anatafuna karanga alipoiona riziki yake. Nyuma ya goli kulikuwa na muuguzi mwenye kamera ya chapa ya Nyota na wifi yake, mwalimu wa hesabu, mwenye ya Mwewe. Kila mmoja alishika lenzi ndefu, nene kama paja la mbuzi, na kila mmoja alikuwa akichungulia ya mwenzake. Wote walimpiga picha golikipa yule yule: binti wa muuguzi.

Mwenye kijicho hana haja ya kudanganywa. Anasindikizwa tu.

Kwa muuguzi, Profesa alisema Nyota imekwisha, wapiga picha wa michezo wote wamehamia Mwewe. Kwa mwalimu alisema hayo hayo, akageuza majina. Angewabadilishia bure, mradi wasimwambie mtu, maana nafasi ilikuwa moja. Wakakubali upesi kuliko watoto walioitwa kula. Akazipangusa zile kamera, akampa huyu ya yule na yule ya huyu, zikiwa na lenzi fupi za kupigia picha za harusi. Ndefu zao alibaki nazo. Za chapa mpya, alisema, ziko njiani.

Siku ya tatu muuguzi aliona chaki kwenye vitufe vya kamera yake mpya. Ya mwalimu ilinuka dawa ya hospitali. Wakakutana jikoni, wakatukanana kwanza, kama inavyotakiwa, kisha wakakumbuka kwamba fainali ni Jumamosi na kwa lenzi ya harusi mtoto angeonekana kama siafu aliyevaa glavu.

Ndipo mume wa muuguzi, muuza saruji mwenye sauti ya hakimu, akampigia Profesa simu. Alisema amesikia ana lenzi mbili ndefu. Atazinunua zote, ila lazima azione zikifanya kazi kwenye mechi.

Profesa akakuna kichwa. Lenzi bila kamera ni chupa tu, na lenzi ya Nyota haikai kwenye Mwewe. Kamera alizozijua alikuwa amezigawa mwenyewe. Basi Jumamosi akamwendea kila wifi kwa wakati wake, akamnong'oneza kwamba lenzi imefika, aijaribu, kisha airudishe ikasajiliwe.

Dakika za mwisho ikapigwa penalti. Binti akaruka, akaudaka mpira. Kamera mbili zikalia kama mvua juu ya bati.

"Dada yangu, nipe sasa nikaisajili," Profesa akasema.

"Namba yake iko kwenye boksi, chini ya kitanda cha wifi yangu," muuguzi akajibu bila kugeuka. "Ya ile nyingine iko kwenye boksi langu. Isajiliwe mara ngapi?"

Profesa akamgeukia mnunuzi, aliyekuwa amemshikia mwalimu mkoba na kumwita dada.

"Mzee, bado unanunua?"

"Nilitaka kuziona zikifanya kazi," alisema muuza saruji. "Nimeziona, ahsante."

Profesa akaondoka kwa mwendo wa mtu aliyesahau kitu kwenye mji mwingine.

Jioni mawifi walikaa mezani kurudishiana kamera. Wakazitazama picha za ile penalti kwanza.

"Wifi," muuguzi akasema, "hii Mwewe haitoki mkononi mwangu."

"Kwani nani amekuomba?" mwalimu akasema, na Nyota yake iko mapajani.