Ziwa Nyuma ya Sofa

Jumatano, Machi 26
Nimeamua. Studio yangu hapa Ziwani haitashindwa tena na ya Nyamai ng'ambo ya barabara, eti kwa sababu pazia lake la nyuma lina maporomoko ya maji. Maporomoko gani? Yamepauka. Bi Ruqiyo wa Eastleigh analeta ukoo mzima kupigwa picha siku ya Idi. Ameniambia wazi: akipendezwa, harusi ya bintiye Sagal ni yangu. Asipopendezwa, ni ya Nyamai.

Lakini mimi nina diski ya ule mchezo wa kompyuta wa utotoni. Mwishoni kulikuwa na ziwa na mwezi. Nililiona mara moja tu, nikichungulia nyuma ya mtoto mwingine. Kila nilipokaribia, muda wangu uliisha na mwenye saiba ya kompyuta za kukodi akaniinua kitini. Naliota mpaka leo.

Alhamisi, Machi 27
Picha zote za mchezo zimefungiwa ndani ya faili moja kubwa. Nimepata mtandaoni programu ya bure ya kulifungua. Limefunguka! Mbingu kijani, mwezi kijani, ziwa mchuzi wa sukuma wiki. Karibu nilie. Kumbe rangi zimewekwa kwenye faili lingine, nami nililiacha. Nimeyaunganisha.

Sasa nimekaa tu. Chai imepoa. Mwezi unaelea juu ya maji ya buluu, na hakuna wa kuniinua kitini. Wateja wawili wa picha za pasipoti walibisha, wakaenda kwa Nyamai. Waende.

Jumamosi, Machi 29
Nimeipeleka picha kwa Jimale, mchapaji mabango wa Eastleigh. Akauliza kama nimeikagua yote, juu hadi chini. Nikamwambia ziwa hilo nalijua tangu utotoni.

Bango limetundikwa. Sofa limeziba sehemu ya chini, safi kabisa. Nyamai alichungulia dirishani akauliza, "Niaje msee, huo mwezi umetoa wapi?" Wivu mtupu.

Jumatatu, Machi 31, Idi
Walifika, kanzu nyeupe, uturi ukajaa chumba. Bi Ruqiyo aliliangalia ziwa, akasema linampoza moyo. Nilifurahi kupita kiasi. Ila hawakutosha. Abdiqadir, mwanawe mkubwa, akasogeza sofa ili watoto waketi mbele.

Ukingoni mwa ziwa, nguruwe. Familia nzima, wanono, wanakunywa maji. Kwenye mchezo sehemu ile hufunikwa na kisanduku cha silaha za mchezaji, chini ya skrini. Kwenye faili haifunikwi na chochote. Nilieleza kwamba ni mbuzi wa kigeni. Bi Ruqiyo akauliza taratibu pembe zao ziko wapi, na hizo pua zimepatwa na nini. Sagal alicheka mpaka akaketi chini. Wakaondoka bila picha. Niliona aibu, na uchungu pia.

Jumanne, Aprili 1
Bi Ruqiyo amepiga simu. Ana moyo mzuri yule mama. Harusi bado atanipa, mradi nitundike kitambaa cheupe, kitupu. Nimeahidi. Nimeshakinunua.

Kisha nikafungua lile faili, kuliaga tu. Kumbe kuna picha nyingine: bustani, mnara, nyota zinamiminika juu ya mitende. Harusi ya Sagal inastahili nyota. Kitambaa cheupe kitafunika sofa vizuri.

Jimale ameshaipokea. Ameuliza tena kama nimeikagua hadi chini. Nimemwambia ndiyo. Nyota zilikuwa nzuri mno, sikufika huko.