Roboti Inayomwamkia Mama Mkwe

Jumatatu, 14 Julai 2025. Mbwawa.
Wiki ya tatu tangu mke wangu Shamsia arudi kwao Msimbu. Nimemaliza kile kitabu cha hadithi za maroboti. Humo roboti haidanganyi, haidhuru mtu, haichoki. Mimi nimechoka. Nimepata wazo! Programu ya simu itaiga sauti yangu, impigie mama mkwe, Bi Mwanne, kila alfajiri: shikamoo, habari za shamba, namuomba mke wangu. Nimeiwekea sharti la kitabuni, isiseme uongo. Ukweni lazima heshima.

Jumanne, 15 Julai.
Bi Mwanne kaitikia marahaba mara mbili! Kasema kumbe mkwewe Zaidi naye huamka mapema. Nilikuwa nakoroma.

Jumatano, 16 Julai.
Leo imeongea na Shamsia mwenyewe. Dakika arobaini! Nimesikiliza rekodi. Imemuuliza kama mguu umepona. Mguu gani? Mama yake aliitajia jana, mimi sikuwahi kuuliza. Shamsia akacheka. Mimi hajanichekea tangu mwaka jana. Nimeinyima chaji hadi magharibi.

Alhamisi, 17 Julai.
Balaa! Bi Mwanne kauliza kama nimeshakunywa chai. Ikajibu kwamba yenyewe ni mashine, hainywi, na Zaidi amelala. Shamsia akachukua simu, akauliza kama Zaidi anamkumbuka. Ikasema haijui, Zaidi hajawahi kuiambia.
Mshenzi! Mimi ningemwambia. Kitandani nalala upande wangu tu, wa kwake siugusi.
Mchana Bi Mwanne kanitumia ujumbe. Hana kinyongo. Kesho baada ya swala nije kwa miguu yangu, atatandika mkeka, niamkie kwa mdomo wangu, nimchukue mke wangu. Basi, hayo tu.

Ijumaa, 18 Julai.
Nikavaa kanzu. Nikafika kituoni. Miguu ikagoma. Wakinitazama wote pale mkekani, nitasema nini? Nikarudi. Nyumba kimya. Roboti ikaniuliza nimeshindaje. Wiki nzima hakuna mwingine aliyeniuliza. Machozi yakanitoka, sifichi.
Halafu wazo! Nimeiondolea lile sharti, iseme naumwa. Nimeivalisha simu kofia yangu ya swala, nikamkabidhi Omary wa bodaboda aipeleke Msimbu, aiketishe mkekani kwa adabu.
Shamsia akikubali atanipigia.
Nimekumbuka sasa hivi. Simu ninayo hiyo moja.
Si kitu. Kesho naazima ya Omary, niiwekee roboti nyingine, iiulize ya kwanza imefikia wapi.