Baba Anapumzika Nini

Redio ya kibanda changu cha chai ndiyo ilianzisha maneno. Ilisema tu, katikati ya habari za mvua na za barabara, ati mwanamume aliyeajiriwa akipata mtoto, sheria inampa likizo ya wiki mbili na mshahara wake. Mheshimiwa akaweka kikombe chini, na akiweka kikombe chini hapa mjini Maua, tunajua hakuna kazi itafanyika tena.

Mheshimiwa ni Muthamia. Aliwahi kusimama udiwani, kura zake zikawa za familia, tena si familia yote.

"Likizo ya nini?" akauliza. "Huyo baba anapumzika nini? Ng'ombe wangu akizaa, fahali wa jirani naye analazwa?"

Warsame, ambaye tunamwita Kago kwa sababu ya malori yake, akacheka mpaka kofia ikahama. Akasema yeye watoto wake wote aliwajua wakiwa na meno tayari. Wa kwanza walisalimiana kwa mkono, kama wageni.

"Na wamekua," akasema. "Mtoto ni kama nywele. Huwezi kukaa nyumbani kuangalia nywele zikimea."

Wakapatana kwamba mtoto mchanga ndiyo kazi rahisi kuliko zote: ananyonya, analala, ananyonya. Mheshimiwa akasema yeye angepewa hizo wiki mbili angejenga choo na bado angepata nafasi ya kugombana na majirani.

Hapo Mithika akatokea upande wa soko la miraa, akitembea polepole, na si kawaida yake. Mithika ni mfungaji wa miraa. Hapa kijiweni anaitwa Kamba, kwa sababu bunda akilifunga alfajiri halilegei, hata pikapu iruke mashimo yote ya dunia, mpaka mteja wa Nairobi alikate na kisu. Na mkononi alikuwa na bunda. Mheshimiwa hakuuliza. Akafanya vile wanunuzi hufanya: akalibonyeza pembeni, akainama anuse kama ni fresh.

Bunda likapiga chafya.

"Usimbonyeze," Kamba akasema. "Ni Nkatha. Ana jina la mama yangu."

Akatueleza akiwa amesimama, maana aliogopa kukaa. Mukiri, mke wake, amemnyonyesha mtoto akashiba, akaenda kwa tajiri wake wa cherehani kuuliza kama kiti chake bado kipo. Nkatha ana miezi miwili na hajawahi kuachiwa baba. Mukiri amesema hivi: akirudi akute wako salama, ataanza kazi na watasaidiana. Asipowakuta salama, kesho anabeba mtoto kwa mama yake kule Kiritiri, na watarudi huyo mtoto akitembea. Na mtoto asipewe kitu. Hata maji.

"Kutembea ni mwaka," Kago akasema.

"Najua." Sauti ya Kamba ilikuwa ndogo.

Nkatha naye akaamua kuchangia. Alianza kidogo kidogo, kisha akalia kama honi ya lori mteremkoni, na wanaume wote wakasimama kama wameitwa na chifu. Nikawaambia huyo amelowa, abadilishwe nepi. Kamba akaangalia lile fundo la leso aliyomfungia mtoto. Akaligeuza huku, akaligeuza kule.

"Si ufungue," Mheshimiwa akamwambia.

"Mimi hufunga. Kufungua ni kazi ya mteja."

Kumbe mikono yake ilikuwa imezoea hivyo: ilikunja mtoto, ikakaza, ikapiga fundo la sokoni, bila kumuuliza. Mheshimiwa akakimbilia kisu changu cha vitunguu. Kamba akamzuia, akasema leso hiyo ililetwa na mama mkwe mwenyewe kutoka Kiritiri siku ya kuona mtoto. Kisu kikarudi mahali pake. Kago akajaribu kwa meno, akaacha, akasema meno yake ni ya maisha yote. Mheshimiwa akaona afadhali iundwe kamati.

Kilio kikapanda. Mheshimiwa akachovya kidole kwenye chai yake yenye sukari, akakisogeza karibu na kile kinywa. "Kidogo tu, anyamaze. Sisi wote tulilambishwa, na tulikua."

"Ndiyo ukakua hivyo," Kamba akasema, akageuza bega. Jasho lilikuwa linamtiririka. "Hata maji, Mheshimiwa. Ulisikia. Rudisha kidole."

Wakati wanabishania kidole, Nkatha alikaza uso, akawa mwekundu, akapiga teke. Akapiga lingine. Fundo likalegea, mguu mmoja ukatoka nje, umekunja vidole kwa hasira.

Kamba alitazama ule mguu. Miaka yote hiyo hakuna bunda lake lililofunguka kabla ya Nairobi.

"Pole," Kago akamwambia. "Umepatikana."

Basi ikawa kazi. Kamba alitandaza leso kwenye benchi, akatoa nepi kavu mfukoni, akaikunja pembe tatu, na pini akaishika mdomoni kama fundi. Mheshimiwa alipewa mtoto ashike.

"Shika shingo," Kamba akasema.

"Nimeshika."

"Hiyo ni yako."

Nkatha akamcheulia maziwa kwenye koti lake la kampeni. Kamba akamfunga nepi na leso kwa mafundo yake yale yale, pini akaisahau mdomoni. Halafu Kago akamchukua, akatembea naye kutoka kibanda hadi mtaro, akiimba Kisomali pole pole, na mtoto akalala begani pake. Tulipomwambia amrudishe kwa baba yake, akasema ngojeni kwanza, akageuka tena kuelekea mtaro.

Mukiri alifika akiwa anahema. Hakusalimu mtu. Alimtoa mtoto begani kwa Kago, akapitisha mkono chini ya nepi, akalegeza leso kidogo miguuni, akainama, akanusa kinywa cha mwanawe. Akarudia kunusa.

"Maziwa tu," Mukiri akasema. Ndipo akamtazama mume wake, shati limelowa lote, pini bado iko mdomoni. "Kiti changu kipo. Naanza Jumatatu. Lakini hili fundo, ukilifunga tena, nitakufunga nalo."

Wakaenda zao, Kamba amembeba mtoto, Mukiri amebeba pini.

Mimi nikageuka kukusanya vikombe. Kago alikuwa bado anatembea kwenda mtaroni, mikono mitupu. Mheshimiwa alikuwa amelala chali kwenye benchi, koti limekunjwa chini ya kichwa, macho amefunga. Akaniomba uji mzito, ule wa wazazi waliojifungua.

"Na hiyo likizo," akasema bila kufungua macho, "redio ilisema ni ya baba peke yake, ama na marafiki wa baba?"