Mtenda Huja Mwisho

Profesa, ambaye shule ilimuaga darasa la sita, alikwenda kwa fundi kupunguza suruali akaona cherehani mpya ya umeme ikinguruma kama paka aliyeshiba. Mate yakamjaa. Cherehani hiyo ndiyo iliyowalisha Mama Pacha na binti zake wawili, lakini Profesa hakuwa mtu wa kukwama kwenye mambo madogo.

"Dada, huko nje wanatafuta wakalimani wa Kiklingoni. Dunia nzima tupo wachache."

"Kiklingoni ndiyo nini, kaka?"

"Lugha ya majemedari wa anga za juu." Akakohoa sentensi nzima. "Nomino zake zina makundi matatu tu: wanaoweza kusema, viungo vya mwili, na vitu vinginevyo."

"Mume wangu ukimuuliza jambo hasemi. Yuko kundi lipi?"

"Vitu vinginevyo."

Mama Pacha akacheka hadi pini zikamtoka mdomoni.

Profesa akajitolea kumfundisha. Ada haikuwepo, ila mkataba: *Profesa atampa Fundi chombo chake.* "Pikipiki ile pale," Profesa akaonyesha mlangoni, "ya kuendea kazini." Chini kabisa, kwa herufi ndogo kama chawa: *Usomwe kwa sarufi ya Kiklingoni.* Vitenzi, alisema, watafundishana akishasaini.

Akaingia nyuma ya pazia kujaribu suruali. Daftari lake la Kiklingoni likabaki mezani. Mama Pacha akafunua ukurasa wa vitenzi: *Mtendwa kwanza, kitenzi katikati, mtenda mwisho.* Akausoma tena mkataba kwa mpangilio huo. Kumbe mtoaji ni yeye, na chombo chenyewe cherehani!

"Kaka, karatasi imeingia mafuta ya mashine. Nimeinakili upya."

Profesa akasoma: *Fundi atampa Profesa chombo chake.* Moyo ukamruka. Maskini mama wa watu, kajichanganya mwenyewe! Akasaini chapuchapu, shahidi akiwa mwenye nyumba aliyekuja kufuata koti lake, kisha akaikumbatia cherehani.

"Iweke chini, kaka. Malizia mstari wa mwisho."

Mwenye nyumba akausoma kwa sauti: *Usomwe kwa sarufi ya Kiklingoni.*

"Na kwa Kiklingoni," akasema Mama Pacha, "mtenda huja mwisho. Hapa wa mwisho ni Profesa. Naomba ufunguo wa pikipiki."

"Acheni utani! Hiyo lugha ya maigizo tu, hata kazi yenyewe haipo!"

"Haipo?" mwenye nyumba akauliza taratibu, akitoa simu. "Hebu rudia, polisi nao wasikie."

Ufunguo ukatua mezani. Profesa alikuwa keshafika kona aliposikia akiitwa.

"Mwalimu! Hii breki yake ni ya mkono au ya mguu?"